Namna ya kutazama picha za zama za Malkia Victoria ukialikwa sebuleni kwa mwenye nazo

Kazi yangu ni fremu. Kibanda changu kiko Majengo, Moshi, na wengi huniletea picha za harusi, vyeti vya chuo, na picha za marehemu zinazotakiwa msibani kesho asubuhi. Ila nina mteja mmoja, mzee wa Shanty Town, bwana shamba mstaafu, ambaye sebule yake, korido na hata ukuta wa ngazi vimejaa picha za Waingereza wa karne ya 19. Alianza kuzikusanya miaka ya 1970, mashamba makubwa ya kahawa yalipotaifishwa na waliokuwa wakiishi humo wakawa wanauza vyombo vya ndani kabla ya kuondoka. Chache ni za rangi ya mafuta, kazi za wachoraji wasio na jina. Nyingi ni chapa za picha mashuhuri ambazo zenyewe ziko London, Manchester au Oxford. Mimi ndiye ninayezibadilishia vioo na migongo, kwa hiyo hakuna hata moja ambayo sijaigeuza nyuma.

Mzee hana hiyana. Ukipiga simu mapema anakukaribisha, na siku hizi wanakuja walimu, wanakwaya, wanafunzi wa ufundi, mpaka vijana wanaotafuta mahali pa kupigia picha za mtandaoni. Karibu wote wanafanya mamoja: wanazunguka haraka haraka, wanasema "nzuri, za kizungu za zamani," halafu wanakaa kusubiri chai. Siwalaumu. Wanaitafuta ladha moja kwenye ukuta wenye ladha kumi. Picha hizi hazikuchorwa zitazamwe kwa jicho moja: kuna za kusoma, za kusogelea, za kustarehe nazo, na kuna za kubishana nazo. Ukiitazama ya kusoma kama ya kustarehe, utaona watu wamevaa makoti tu.

Weka miaka kichwani kabla hujaingia. Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901, na miaka zaidi ya sitini haiwezi kuwa na mtindo mmoja. Mimi huwapa wageni mwaka mmoja wa kushikia, 1848. Mwezi wa tano mwaka huo mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, akaandika, na mabingwa wa jiografia kule London wakamkatalia: theluji karibu na Ikweta itoke wapi? Mwaka huo huo, London hiyo hiyo, vijana saba waliunda umoja wao wakajiita Pre-Raphaelite. Vichwa vyao walikuwa John Everett Millais, William Holman Hunt na Dante Gabriel Rossetti. Walichoshwa na mafundisho ya Royal Academy, chuo kikuu cha wachoraji cha Uingereza, wakasema watachora kile jicho linachokiona, jani kwa jani. Na kwa kuwa tuko Moshi, niseme na hili: ile hadithi wanayosimuliwa watalii, kwamba Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ni porojo. Mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani ulikatwa kwa makubaliano ya mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa hajawa Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani. Aliupata ukaisari mwaka 1888.

Kwanza ujue kilicho mbele yako

Omba ruhusa, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa picha mwanga upite juu juu kama jua la jioni. Usiimulike usoni, kioo kitakurudishia tochi yako. Rangi ya mafuta itaonyesha matuta ya brashi, na matuta hayo yanafuata umbo: yanazunguka shavu, yanashuka na pindo la gauni. Kuna chapa za zamani za rangi ambazo wenye viwanda walizigandamizia alama za turubai na kuzipaka vanishi ili zidanganye. Hizo matuta yake ni ya aina moja picha nzima, usoni na angani sawasawa. Ukitaka uhakika chukua kioo cha kukuzia. Ukiona mistari myembamba iliyopishana, hiyo imechapwa kutoka bamba la chuma au shaba lililochongwa kwa mkono. Ukiona vitone vilivyojipanga safu kama askari, hiyo ni chapa ya mashine, na mara nyingi ni ya mwisho mwisho wa karne hiyo au baada yake. Vitone vya rangi vilivyotawanyika bila mpangilio ni chapa ya jiwe.

Usimdharau mwenye nyumba kwa sababu ana chapa. Enzi hizo chapa ndiyo iliyomfikishia picha mwalimu, mchungaji na fundi wa reli, na haki ya kuchapa iliuzwa ghali. William Powell Frith alipomaliza picha yake ya stesheni ya treni mwaka 1862, mfanyabiashara aliyeinunua aliichukua pamoja na haki ya kuchapa kwa pauni 4,500, akaionyesha kwa kiingilio, na ndani ya wiki saba walikuja watu zaidi ya 20,000.

Za kusoma

Hiyo ya stesheni ndiyo ninayoanza nayo na mgeni. Iko juu ya radio ya mzee, chapa ya rangi moja, ndefu kwa upana. Ni Paddington, London, dakika chache kabla treni haijaondoka, na ukiitazama kwa ujumla ni vurugu tupu kama stendi yetu ya Moshi Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Dawa yake ni kuacha kuitazama kwa ujumla. Anzia pembeni. Upande wa kulia kabisa kuna mwanamume anayetia mguu kwenye behewa, na wapelelezi wawili wamemtia mkono begani. Sogea kushoto kidogo utakuta bibi harusi anaagwa. Katikati mama anambusu mwanawe anayepelekwa shule ya bweni. Hao ni familia ya Frith mwenyewe, alijichora humo humo. Baada ya hapo mgeni haondoki tena, anatafuta nani mwingine ana siri.

Kanuni ya picha hizi ni kwamba hakuna kitu kilichowekwa bure. Angalia mikono, barua, kioo cha ukutani, kilichoanguka sakafuni. Holman Hunt ana picha ya mwaka 1853 ya msichana anayeinuka ghafla kutoka mapajani mwa mwanamume aliyekaa kwenye piano. Wageni wengi hudhani ni mke na mume wanaimba. Mwambie atazame vidole vya msichana: pete zipo kila kidole isipokuwa kile cha ndoa. Chini ya meza paka amekamata ndege. Glovu imetupwa sakafuni. Nyuma yake kioo kinaonyesha bustani ya nje, yaani kile anachokitazama yeye na sisi hatukioni. Ukishayaona hayo unajua huyu ni mwanamke aliyewekwa kinyumba bila ndoa, na dhamiri imemwamsha sasa hivi. Wakina mama wa kwaya wana maoni makali sana kuhusu yule bwana, na mimi niko upande wao.

Augustus Egg alikwenda mbali zaidi mwaka 1858: picha tatu za familia moja iliyovunjika kwa sababu ya mke kutoka nje ya ndoa. Mzee anazo zote tatu kwa mstari. Mimi binafsi naona adhabu yote imeangushwa kichwani kwa mwanamke, na huwa nasema hivyo kwa sauti. Kubishana na picha kunaruhusiwa. Enzi hizo walibishana nazo magazetini.

Halafu kuna ile inayowasimamisha wauguzi wa hospitali ya KCMC wakija na wageni wao: daktari wa Luke Fildes, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1891. Mtoto mgonjwa amelazwa juu ya viti viwili visivyofanana vilivyounganishwa. Daktari amekaa, kidevu mkononi, anamtazama. Hana kifaa, hana la kufanya zaidi. Baba amesimama gizani, mkono kwenye bega la mama aliyeinamia meza. Tafuta mwanga, uko wa aina mbili: wa taa ya mezani, na ule wa alfajiri unaoanza kuingia dirishani. Fildes alikuwa amempoteza mwanawe mwenyewe mwaka 1877, na alikumbuka jinsi daktari alivyokaa naye. Hapa usimweleze mgeni mengi. Mwache.

Za kusogelea

Hizi ni za wale vijana wa 1848. Wachoraji wengine walichora kwa rangi za kahawia nzito zilizokuwa zikisifiwa; wao walipaka turubai nyeupe kwanza, wakaweka rangi juu ya weupe ule ungali mbichi, ndiyo maana hata kwenye chapa nzuri kijani chao kinapiga kelele. Mfano ni Ofelia wa Millais, msichana wa tamthilia ya Shakespeare anayeelea mtoni, iliyokamilika 1852. Mto aliuchora kwanza, nje, ukingoni mwa mto Hogsmill huko Surrey, miezi kadhaa akilalamikia nzi na upepo. Msichana akamwongeza baadaye studio: Elizabeth Siddal alilala kwenye bafu la maji lililopashwa moto kwa taa chini yake. Siku moja taa zikazimika, Millais hakuona, binti hakusema, akaugua, na baba yake akamtumia Millais madai ya gharama za daktari. Kwa picha hii weka pua karibu na kioo, utaje mimea unayoiona. Mwalimu mmoja wa baiolojia alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Lakini picha ya kundi hili inayojulikana zaidi hapa kwetu watu hawajui kuwa ni yao. Yesu amesimama usiku mbele ya mlango uliofungwa, ana taa mkononi, kichwani taji la miiba. Umeiona kwa bibi yako Machame, umeiona kwenye kalenda, umeiona nyuma ya kiti cha mchungaji. Watu wanadhani ilitoka tu pamoja na Biblia. Aliichora Holman Hunt kati ya 1851 na 1853, na ipo Keble College, Oxford. Uzeeni akatengeneza kubwa zaidi ambayo kuanzia 1905 hadi 1907 ilizungushwa Kanada, Afrika Kusini, Australia na New Zealand, kisha ikawekwa kanisa kuu la St Paul's, London. Andiko lake ni Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Mpe mgeni kazi moja: atafute kitasa. Hakipo. Mlango huo unafunguliwa kutoka ndani tu. Kisha atazame magugu yaliyoota chini ya mlango na bawaba zilizoshika kutu, aone ni muda gani haujafunguliwa. Nimemwona mzee wa kanisa aliyeishi na picha hii tangu utoto akiiona siku hiyo kana kwamba imeletwa jana.

Ya Richard Dadd, ya viumbe wadogo wa kwenye nyasi, inataka kioo cha kukuzia kabisa. Aliichora ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miaka kama tisa, kuanzia 1855, baada ya kumuua baba yake. Wengine haiwapi raha. Waache wapite.

Nani alizinunua

Hapa ndipo utajibiwa kwa nini ukuta umechanganyika hivi. Wanunuzi wakubwa wa wakati ule hawakuwa masultani wa kale wenye majumba ya mababu. Walikuwa na viwanda. Waliogopa kuuziwa picha bandia za wachoraji mashuhuri wa zamani wa Italia, wakaona heri kununua kwa mchoraji aliye hai, unayeweza kumgongea mlango. Nao walitaka kitu wanachokielewa: hadithi, mbwa, bahari, mtoto, msichana mzuri. Henry Tate wa sukari ndiye aliyeagiza ile ya daktari, na mkusanyo wake ulianzisha jumba lililofunguliwa London mwaka 1897. Thomas Holloway alitajirika kwa vidonge na marhamu, akanunua picha 77 kati ya 1881 na 1883 kwa ajili ya chuo cha wanawake alichokijenga Egham. Moja, ya Edwin Long, inaonyesha wasichana wa Babeli wakinadiwa kuolewa, na aliilipia gini 6,300, bei ambayo hadi siku hiyo mnadani hakuwahi kuifikia mchoraji aliye hai. Sijui wanafunzi wa kike walimwelewaje. Chuo hicho hicho kina picha ya Edwin Landseer ya dubu wa barafuni wakitafuna mabaki ya msafara uliopotea, na wakati wa mitihani huifunika kwa bendera ya Uingereza kwa sababu wanafunzi wanaamini ina mkosi.

Na sabuni! Millais yule yule, akiwa mtu mzima mwenye jina, alimchora mjukuu wake akipuliza mapovu mwaka 1886, picha ikaishia kutangaza sabuni ya Pears. William Lever wa Sunlight akanunua ya Frith ya mtoto mwenye gauni jipya, akaifanyia hivyo hivyo, na Frith hakupendezwa. Mzee anazo zote mbili, amezitundika karibu na bafu. Huo utani ni wake.

Za kustarehe nazo, na kupanda na kushuka kwa bei

Lawrence Alma-Tadema ni marumaru, maua na Warumi wasio na haraka. Usitafute hadithi sana. Tazama jiwe linavyong'aa, keti. Kwa ile ya waridi ya 1888 aliletewa maua kutoka kusini mwa Ufaransa kila wiki wakati wa baridi. Kwangu mimi marumaru ni nyingi mno, mzee anaona sijui raha. Anachopenda kuwasimulia wageni ni bei. Watu wa karne ya 20 walizichukia picha za zama hizi, wakaziita takataka. Ya Alma-Tadema ya kuokotwa kwa Musa, ya mwaka 1904, yaani Malkia alikuwa keshazikwa, ilipelekwa mnadani mwaka 1960, ikaishia pauni 252 na haikuuzwa. Mwaka 2010, New York, iliuzwa karibu dola milioni 36. Katikati hapo kulikuwa na Mmarekani wa televisheni, Allen Funt, aliyenunua kazi 35 za mtu huyu wakati hakuna anayezitaka, akalazimika kuziuza mwaka 1973 baada ya mhasibu wake kumwibia.

Picha za wanyama za Landseer tazama kwa wakati wako. Mbwa aliyelaza kidevu kwenye jeneza la mchungaji wa kondoo huwaliza Wazungu. Wageni wetu wengi huuliza mbwa ameingiaje ndani.

Za kubishana nazo

Zipo koridoni, na mzee hazifichi. Moja ni ya Thomas Jones Barker, ya kama mwaka 1863: Victoria akiwa Windsor anamkabidhi Biblia Mwafrika aliyepiga goti, na kichwa chake kinasema hiyo ndiyo siri ya ukuu wa Uingereza. Usipite kwa aibu wala kwa hasira ya haraka. Uliza nani amesimama, nani ameinama, nani hana jina. Pembeni yake kuna maporomoko ya Zambezi ya Thomas Baines, aliyeyachora mwaka 1862, miaka michache baada ya Livingstone kumfukuza kwenye msafara. Maji ameyachora vizuri mno, na hilo halifuti lolote.

Baada ya hapo mrudishe mgeni sebuleni, kwa Rossetti, kwenye picha ya bibi harusi aliyezungukwa na wasindikizaji. Nyuma yake kuna uso wa mwanamke mweusi. Ni Fanny Eaton, mzaliwa wa Jamaika wa mwaka 1835, aliyekuwa akifanya usafi wa majumbani London na kukaa mbele ya wachoraji kwa malipo. Simeon Solomon alimchora mwaka 1860 kama mama yake Musa. Wengi wameupita uso huo mara zote walizokuja.

Ukitaka kuanza ukuta wako

Chagua chache, na za aina tofauti: moja ya kusoma, moja ya kusogelea, moja ya kustarehe nayo. Picha hizi haki zake zimekwisha muda, na majumba mengi ya sanaa yameweka nakala kubwa mtandaoni. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Acha ukingo mweupe, na kati ya kioo na karatasi nitaweka kijiti chembamba zisigusane, maana masika unyevu ukiingia picha inaganda kwenye kioo na kuibandua ni kuichana. Seloteipu nyuma marufuku, inakausha na kuacha doa la njano. Boksi la kahawia pia lisigusane na picha.

Usitundike ukuta unaopigwa na jua la mchana, wala unaopakana na bafu, isipokuwa kama una utani wa mzee. Bandika vipande viwili vya mpira kona za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Ukuta wa matofali ya kuchoma tumia msumari wa zege na uzi wa waya, si kamba ya katani. Ya kusoma iwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ya kusogelea ishuke kidogo, karibu na kiti. Na ukiona unga mwembamba wa mbao chini ya fremu ya zamani, usipulizie dawa ya mende. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uilete kibandani kwangu, tutaitoa picha kwanza kisha tuangalie kama mbao inaokoka.